Dawa Isiyokuwa na Dawa: Nasaha kwa Wazazi juu ya Vidonge vya Homiopathi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba maradhi na akaumba na poza yake, akampa mwanadamu akili ya kuitafuta. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeshika njia yao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, wazazi kadha wanaohudhuria darsa letu wametuuliza juu ya jambo moja, na kwa kuwa wenye kuuliza wamekuwa wengi, tumeona yafaa jawabu liandikwe ili limfikie na yule asiyeweza kuja msikitini. Wanasema: watoto wetu hawakosi kuumia. Huyu kateguka mguu akicheza mpira ufuoni, huyu kaanguka na baiskeli akachubuka magoti, huyu karuka ukutani akarudi na paja lililovilia damu. Na siku hizi wako watu wanaotuuzia vidonge vyeupe vya sukari, vidogo mfano wa punje za uwele, wakatuambia kuwa ni dawa ya homiopathi, na kwamba iitwayo arnika huondoa maumivu na uvimbe kwa vijana wala haina madhara yoyote. Je, ni dawa kweli? Je, ni halali? Na sisi wazazi yatupasa tufanye nini mtoto anapoumia?

Haya ni maswali matatu, na Inshallah tutayajibu yote. Lakini kabla ya jawabu, yataka tuweke msingi, kwani nyumba isiyokuwa na msingi haisimami.

Msingi wa kwanza: kujitibu ni katika dini

Wako wanaodhani kwamba kumtegemea Mungu ni kukaa bure. Hayo si mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.). Yeye aliwaamrisha waja wa Mungu wajitibu, akawajulisha kuwa hakuna maradhi aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu ila ameyateremshia na dawa yake, isipokuwa uzee. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Na katika Suratun Nahl, aya ya 69, Mwenyezi Mungu ametaja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki, akatujulisha kuwa ndani yake mna poza kwa watu.

Wala maumivu ya mtoto si jambo dogo mbele ya Mtume (s.a.w.). Wanawake wa zama zake walikuwa na desturi ya kuwabinya watoto kooni kwa kidole walipopatwa na ugonjwa wa koo. Mtume akawakataza wasiwaadhibu watoto wao kwa kubinya, akawaelekeza kwenye dawa iliyo nyepesi zaidi, nayo ni kusti. Hii imo katika Bukhari. Basi tazameni: Mtume hakusema mwacheni mtoto avumilie, wala hakuridhia tiba yenye kumtesa bila ya haja. Alitaka yafanyike mambo mawili pamoja, tiba na huruma.

Msingi wa pili: sababu haithubutu kwa maneno matupu

Kila anayedai kwamba kitu fulani ni sababu ya kupona, huyo ametoa dai, na dai lataka dalili. Na dalili ziko njia mbili, hakuna ya tatu. Ya kwanza ni khabari ya sharia iliyosihi, kama ilivyothubutu ruqya kwa Qurani na kwa dua alizotufundisha Mtume. Ya pili ni tajriba, yaani majaribio ya watu wenye ujuzi, yakakaririka mpaka ikajulikana kuwa kitu hiki huleta jambo lile. Asiyekuwa na hii wala ile, basi amesema asilolijua. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, Mola wetu ametukataza kuyafuata tusiyokuwa na ilimu nayo, na akatuonya kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa.

Kwa msingi huu ndipo wanazuoni walipoyakemea mahirizi na mapingu wanayovalishwa watoto. Kosa lake ni kufanya sababu kitu ambacho Mungu hakukifanya sababu, si kwa sharia wala kwa maumbile. Sisi hatusemi kwamba aliyemnunulia mwanawe kidonge cha arnika ameshiriki. Allah atuepushe na kuwakufurisha watu kwa pupa. Lakini twasema kuwa kipimo ni kimoja. Haiwi tukamuuliza mganga wa mtaani dalili yake, kisha tukanyamaza mbele ya muuza chupa zenye maandishi ya Kizungu.

Tazameni yaliyotokea siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume (s.a.w.) alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Sahl bin Saad (r.a.) asimulia, na khabari yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Sayyidna Ali alileta maji ndani ya ngao yake na Bibi Fatma akawa aiosha damu. Alipoona kuwa maji hayakuzidisha ila kutoka damu, alichukua kipande cha mkeka akakichoma, akaliweka jivu juu ya jeraha, na damu ikakatika. Ewe ndugu yangu, zingatia. Bibi huyu alikuwa akimtibu kiumbe bora kuliko wote. Aliosha, akatazama, akaona tiba ya kwanza haikutosha, akageuza. Hakushikilia jambo kwa sababu ameambiwa tu. Leo hatusemi mchome mikeka, kwani twajua kuwa kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha ndiyo njia bora na salama zaidi. Tunachokichukua katika kisa hiki ni ile njia ya kutazama na kupima.

Na wanazuoni wetu wa utabibu waliishika njia hiyo. Abubakar Ar-Razi, aliyekufa mwaka 313 wa Hijra (925), alipotaka kujua kama kutoa damu kwawafaa wenye dalili za sirsamu, alilitoa damu kundi moja na akaliacha kundi jingine kusudi ili aone tofauti. Na Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 wa Hijra (1037), aliweka masharti ya kuijaribu dawa katika kitabu chake cha Qanun: kwamba iwe safi, ijaribiwe kwa maradhi mamoja yasiyochanganyika na mengine, athari yake ionekane daima au mara nyingi, na ijaribiwe juu ya mwili wa binadamu. Hii ni mirathi yetu.

Asli ya utabibu huu

Homiopathi haikutoka kwa Waarabu, wala haimo katika tibu ya Mtume kama wanavyodai baadhi ya wauzaji. Aliyeianzisha ni tabibu wa Kijerumani aitwaye Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755 na kufa mjini Paris mwaka 1843. Mnamo mwaka 1790 alikula ganda la mti wa sinkona, ambao ndio asli ya kwinini, akahisi mwili wake umepatwa na dalili mfano wa homa. Kwa jambo hilo akajenga kanuni kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kimponyeshacho mgonjwa mwenye dalili hizo. Kitabu chake kikubwa alikitoa mwaka 1810.

Sasa sisi watu wa pwani twaijua kwinini. Wazee wetu wameinywa kwa miaka mingi. Iliwavuma masikioni, ilikuwa chungu ulimini, wengine iliwatia kizunguzungu, lakini nani aliyemwona mtu mzima akanywa kwinini akashikwa na homa ya malaria kwa sababu yake? Kwinini inaponyesha kwa kuwa inamuua mdudu wa malaria aliyemo katika damu. Basi kanuni yote ilisimama juu ya tajriba ya mtu mmoja juu ya mwili wake mwenyewe, na hilo Ibn Sina asingeliridhia.

Na uadilifu wataka tuseme lililo lake. Katika zama za Hahnemann matabibu wa Ulaya walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu nyingi na kuwanywesha zebaki. Yeye aliyakataa hayo. Wagonjwa wake wengi walionekana wakipona, kwani mwili ulioachwa na maji na chakula na mapumziko ni bora kuliko mwili uliotiwa sumu. Hii ndiyo iliyompa sifa. Lakini kukosa madhara ni jambo moja, na kuponyesha ni jambo jingine.

Hesabu ya kidonge

Kanuni yake ya pili ndiyo ya ajabu zaidi. Alisema kuwa dawa kila inapozimuliwa kwa maji au spiriti na kutikiswa kwa nguvu, ndivyo nguvu zake zinavyozidi. Huchukuliwa tone 1 la dawa likatiwa katika matone 99, ikawa daraja ya 1. Kisha tone 1 la hayo hutiwa tena katika matone 99 mengine, ikawa daraja ya 2. Daraja ya 3 dawa huwa ni sehemu 1 katika 1,000,000. Na vidonge vingi vinavyouzwa huandikwa daraja ya 30, yaani sehemu 1 katika hesabu ya 1 ikifuatwa na sifuri 60.

Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kadiri na kwa hesabu. Kijiko kimoja kikubwa cha maji kina chembe za maji zipatazo 6 ikifuatwa na sifuri 23. Kwa hivyo ifikapo daraja ya 12 hivi, huwezi tena kutumaini kuikuta hata chembe moja ya dawa ile ya asli. Na ukifika daraja ya 30, mtu angemeza vidonge hivyo umri wake wote asipate chembe moja. Hahnemann alikuwa na udhuru, kwani ukubwa wa chembe hizi ulikadiriwa kwanza mwaka 1865, naye ameshakufa. Lakini mwenye kuuza leo hana udhuru huo.

Arnika yenyewe ni mmea wa milima ya Ulaya wenye maua ya manjano, na kuula wenyewe ni sumu. Wako wanaotengeneza mafuta ya kupaka kwa maua hayo khasa, na hiyo ni dawa ya miti yenye kitu ndani yake, hukumu yake ni mbali. Hatutaki watu wachanganye. Asali, habasoda, tangawizi na manjano ni vitu vyenye maada, vina ladha na athari, na hupimwa kwa faida na madhara yake. Lakini kidonge cha daraja ya 30, ukiondoa jina lililoandikwa juu ya chupa, ni sukari.

Waliopima wameona nini

Watu wameyapima haya, wala hawakuyakataa kwa chuki. Mwaka 2010 kamati ya sayansi ya Bunge la Uingereza iliitazama dalili yote ikasema kuwa homiopathi haizidi tiba ya bandia, yaani kidonge kitupu apewacho mgonjwa akidhani ni dawa. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilikusanya tafiti 176 juu ya maradhi 61, na halikuona hata ugonjwa mmoja ambao yapo matokeo ya kutegemewa kwamba homiopathi huuponyesha. Mwaka 2017 idara ya afya ya Uingereza ikawanasihi madaktari wake waache kuiandika, na tangu mwaka 2021 serikali ya Ufaransa imeacha kuilipia, hali ya kuwa Wafaransa ni watu walioipenda mno.

Mtu atasema: huko India, ambako sisi tuna udugu nako wa bahari tangu kale, serikali inaitambua na ina vyuo vyake. Kweli. Lakini kutambuliwa na serikali hakugeuzi sukari kuwa dawa, kama vile sultani akiliita chumvi kuwa sukari, ulimi hautamtii.

Majibu ya hoja

Wako wanaosema: sisi tumeitumia na mtoto akapona. Twamjibu: na jirani yako hakuitumia, na mwanawe akapona vile vile. Damu iliyovilia hugeuka rangi, kutoka wekundu hata kijani na manjano, ikatoweka kwa muda wa wiki mbili hivi. Mguu ulioteguka kidogo hupoa siku hata siku. Huu ni ufundi wa Mola aliyeuumba mwili ukajitengeneza wenyewe. Jogoo huwika na jua likachomoza, lakini si jogoo aliyelitoa jua. Na kubwa kuliko hilo, mtoto aliyeketishwa na mamake, akapanguswa machozi, akaambiwa maneno mazuri, maumivu yake hupungua kweli. Faida hiyo imetoka kwa mama. Wampa nini sifa muuzaji?

Wengine husema: nanyi mbona mwaamini Zamzam na ruqya, vitu visivyopimwa? Jawabu limekwisha tangulia. Hayo yamekuja kwa khabari ya sharia, nasi tumeyapokea kwa imani. Hahnemann si Mtume, wala hakudai wahyi. Alidai tajriba, basi kwa tajriba ahukumiwe.

Wengine husema: lakini haina madhara. Hapa, ndugu zangu, ndipo tunapotaka mtusikilize sana, kwani madhara yapo.

Dhara la kwanza ni mali. Mzazi aliyekosa nauli ya hospitali amelipa kwa ajili ya sukari. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kulana mali zetu kwa batili.

Dhara la pili ni kwamba yaliyoandikwa juu ya chupa siyo daima yaliyomo. Mwaka 2017 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitangaza kwamba vidonge fulani vya homiopathi wanavyopewa watoto wanaoota meno vilikutwa na beladona, mmea wenye sumu, kwa vipimo visivyolingana, vingine vikizidi mno kile kilichoandikwa.

Dhara la tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuchelewa. Tunamjua kijana mmoja wa miaka 13 aliyeangukia kiganja akicheza mpira. Kifundo cha mkono kikavimba. Mwenye kuuza vidonge akamwambia mamake kuwa ni mshtuko tu, ampe vidonge 4 asubuhi na jioni. Siku 9 zikapita, mtoto hawezi kushika kalamu yake ya chuoni. Alipofikishwa kwa daktari na kupigwa picha, mfupa ulikuwa umevunjika na umeshaanza kuunga kombo. Mamake alilia, akasema: niliambiwa haina madhara. Kidonge hakikumdhuru, ni kweli. Kilichomdhuru ni zile siku 9.

Na wazazi wajue jambo hili ambalo wengi hawalijui. Mifupa ya kijana ambaye bado yuakua ina sehemu laini karibu na miisho yake, na hapo ndipo mfupa urefukapo. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazofunga kiungo. Kwa hivyo kishindo ambacho kwa mtu mzima kingeleta kuteguka tu, kwa kijana huweza kuuvunja mfupa, na usipotazamwa mapema unaweza kukua vibaya. Ndiyo maana asiyekuwa na ujuzi hafai kusema kwa ulimi mwepesi: ni mshtuko tu.

Mtume (s.a.w.) amekwisha tuonya. Mtu mmoja katika safari alipigwa na jiwe akapata jeraha la kichwa. Kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayammamu. Wakamwambia hatuoni rukhsa kwako. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume alikasirika, akawahisabu kuwa wao ndio waliomuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, akatufundisha kuwa dawa ya ujinga ni kuuliza. Ameipokea Abu Daud. Na amepokea pia kwamba anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa atakaloliharibu. Sikilizeni, enyi wenye kuuza: ni mdhamini.

Juu ya spiriti

Ama kuhusu uhalali, vidonge hivi hutonezwa maji yaliyochanganywa na spiriti, kisha hukauka, na dawa za matone huhifadhiwa ndani ya spiriti hiyo hiyo. Wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu spiriti kidogo ya kuyeyushia dawa panapokuwa na haja na pasiwe na badali, na wako waliokataza. Lakini rukhsa hupewa mwenye haja, na hapa haja iko wapi? Umeyeyusha nini hata ukahitaji spiriti? Kwa hivyo matone hayo tunamnasihi kila Muislamu ayaache.

Yampasayo mzazi

Tusiwaambie watu waache jambo bila ya kuwaonyesha la kufanya. Haya tumewauliza wenye ujuzi.

Kiungo kilichoteguka au kilichovilia damu, mtoto akipumzishe. Kitiwe kitu baridi, barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa wala isigusane na ngozi, kwa dakika 10 hadi 20, na irudiwe mara kadha siku ya kwanza na ya pili. Kifungwe bendeji isiyobana mno, na kiinuliwe juu ya mto. Wala msimpeleke kuchuliwa na kukandwa kwa nguvu hali hamjajua kama mfupa ni mzima. Kufanya hivyo ni kumwadhibu mtoto, nasi tumekwisha sikia alivyokataza Mtume.

Jeraha lioshwe kwa maji safi mengi, mchanga utoke, na damu ikandamizwe kwa kitambaa safi. Msitie kahawa, tumbaku wala udongo. Likiwa la kina, au la msumari, au lina uchafu, mtoto apelekwe akatazamwe juu ya chanjo ya pepopunda. Aliyeungua atiwe maji baridi yapitayo kwa dakika 20, si barafu wala samli wala dawa ya meno.

Kwa maumivu yenyewe, parasetamoli ni dawa yenye dawa ndani yake. Kwa sababu hiyo ina kipimo: hupimwa kwa uzito wa mtoto, baina ya mara na mara zipite saa 4 hadi 6, na haizidi mara 4 kwa siku moja. Ikizidishwa huharibu ini. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari, kwani kwa wachache huleta ugonjwa mkali wa ubongo na ini. Na wale wanaonunua vidonge vikali dukani, wakampa mtoto nusu ya cha babake, nao pia wanafanya kazi wasiyoijua. Nasaha yetu si kuwa kila cha hospitali ni kheri na kila cha nje ni shari. Nasaha yetu ni kuwa kila kitu kitumiwe kwa ilimu.

Na msingoje hata saa moja ikiwa mtoto hawezi kukanyaga, au kiungo kimepinda, au vidole vimekufa ganzi au kugeuka rangi. Na aliyepigwa kichwani akazimia, au akatapika mara kwa mara, au akalemewa na usingizi usio wa kawaida, au akatetemeka kifafa, huyo akimbizwe mara moja.

Neno kwa vijana, na neno kwa wauzaji

Enyi vijana, msiyafiche maumivu yenu kwa kuambiwa mwanamume halii. Mtume (s.a.w.) alijeruhiwa, na akakubali kuoshwa na binti yake mbele ya watu. Mtume pia ametubashiria kuwa Muislamu hapatwi na tabu, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo madhambi. Basi subirini kwa yaliyowafika, na mseme ukweli juu ya panapouma. Kusubiri na kujitibu havigombani.

Na enyi mnaoviuza vidonge hivi, katika nyinyi wako wenye nia njema wanaoamini wanayoyasema. Nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kujua. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akautia mkono wake katika rundo la nafaka, ukakuta rutuba ndani. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamlaumu kwa kutoiweka juu watu wakaiona, na akatamka kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Hii imo katika Muslim. Yule alificha unyevu chini ya nafaka, na nafaka ilikuwepo. Nanyi mnaouza chupa ambayo hamna kitu ndani yake, mtajibu nini? Lau mtawaambia wanunuzi wazi kuwa hii ni sukari, mtakuwa mmesalimika, lakini hapo tena atanunua nani?

Ndugu zangu, watoto hawa ni amana. Hawakuchagua tiba yao, sisi ndio tunaowachagulia, nao hukifungua kinywa na kumeza tunachowapa kwa kutuamini. Uaminifu huo wa mtoto ni mzigo mzito juu ya shingo ya mzazi. Kabla hujamtilia kitu ulimini mwake, uliza: kina nini, kimethubutu kwa nini, na aliyenipa ni nani katika ilimu? Ukipata jawabu, taja jina la Mungu, umpe, kisha umtegemee Mwenye kuponyesha. Usipopata jawabu, rudisha chupa, umchukue mwanao uende kwa wenye kujua.

Ewe Mola, Bwana wa watu, ondoa tabu, uwaponye wagonjwa wetu, uwahifadhi watoto wetu viungo vyao na dini yao, uturuzuku ilimu yenye kunafiisha, na utuepushe kuyafuata tusiyoyajua. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.